Anayekuambia Pole

Nakumbuka siku mama yangu alipoombwa anyamaze, mwanangu, na jinsi nilivyofurahi.

Ilikuwa hapa hapa Brussels, kwenye uwanja wa barafu, nami nilikuwa binti wa umri wako. Usinitazame hivyo. Najua mtu wa miaka arobaini na kitu haitwi mzee, lakini katika mchezo wetu huu wa kuteleza mimi ni bibi kizee, na magoti yangu ndiyo mashahidi. Jana mazoezini uliniomba mimi mwalimu wako nimwambie mama yako asije kwenye mashindano ya Jumamosi, eti anapiga kelele na kukutia aibu. Sikukujibu. Kaa hapa, funga kamba za viatu vyako taratibu, nikujibu sasa.

Mama yangu alizaliwa Bujumbura, na hapa alikuwa akisafisha wodi katika hospitali moja kule Jette. Akitoka kazini alikuja moja kwa moja uwanjani, koti zito juu ya kitenge, chupa ya chai ya tangawizi kwapani, akakaa mstari wa mbele. Nikianguka tu: "Pole!" Wala si mimi peke yangu. Mtoto yeyote akianguka, awe wa nani, mama alikuwa na pole yake. Kwao, mtu akijikwaa mbele yako nawe ukakaa kimya, ni kama umemsukuma wewe. Na mazoezi yetu unayajua, kuanguka ndiyo kazi yenyewe. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Hao hawakuwahi kuvaa viatu vya barafu. Basi mama alikuwa akisema pole tangu anakaa mpaka anaondoka, na wasichana wenzangu wakawa wanamwigiza. Hodari wa kuigiza alikuwa Sofie, binti wa Uccle, mtaa wa matajiri, mpinzani wangu mkubwa. "Poléééé!" anasema, wenzake wanaangua kicheko, nami natamani barafu ipasuke inimeze.

Mwalimu wangu, Madame Claire, akamwita mama pembeni. Akamweleza kwa adabu kwamba mtu akiwa hewani anazunguka, sauti ya ghafla inaweza kumvunja mguu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bon," akasema. "Kama ni juu ya mguu ya mutoto, nitanyamaza."

Na kweli alinyamaza. Majira yote ya baridi alikaa pale pale, ameuma pindo la kitenge chake. Nikianguka naona mabega yake yanaruka, lakini sauti haitoki. Nami, Mungu anisamehe, niliona raha.

Yakaja mashindano ya ubingwa wa taifa ya vijana. Msichana mmoja tu ndiye angechaguliwa kwenda kushindana na wenzetu wa nchi nyingine za Ulaya, na nafasi ile niliiota usingizini na mchana kweupe. Siku ya kwanza Sofie aliongoza. Siku ya pili nilicheza vizuri kuliko siku zote, sikuanguka hata kidogo, nikaketi na Madame Claire kwenye benchi la kusubiri alama, zikanipandisha juu ya wote. Alibaki Sofie tu. Akaingia, akaruka mruko wake mkubwa, akaanguka kifudifudi. Muziki ukaendelea, maana muziki wetu haumngoji mtu. Ukumbi mzima kimya. Sofie hainuki. Na mimi pale kwenye benchi, mwanangu, nilicheka. Sikutoa sauti, lakini meno yote yalikuwa nje.

"Pole, mwanangu! Pole sana!"

Alikuwa mama. Amesimama, kitenge kimeanguka begani, na pole zote alizozimeza tangu baridi ianze zinamtoka kwa mkupuo, zote za Sofie. Sofie akainua kichwa, akamtafuta kwa macho. Akainuka, akajipangusa magoti, akacheza sehemu iliyobaki kama mtu ambaye hajaanguka maishani mwake. Alama zilipojumlishwa na za siku ya kwanza alikuwa amenipita kidogo sana. Akaenda yeye.

Kwenye tramu nililia kwa hasira. "Maman, umempa nafasi yangu! Mimi unaninyamazia, yeye unamwamsha!"

 Mama alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanishikisha.

"Leo hukuanguka," akasema. "Na ni vizuri. Mais nilikuangalia. Mutoto wa watu alikuwa chini, na wewe ulikuwa unacheka. Ile nafasi watakupa mwaka ujao, ou bien hawatakupa, ça va. Lakini roho, alors? Roho nitakununulia wapi? Kwa maduka ya Porte de Namur?"

 Akanifunika kwa kitenge chake, akaniambia hujafa hujaumbika. Aibu niliyoisikia usiku ule haikufanana na ile ya kuigizwa na wasichana. Kwenye mazoezi yaliyofuata nilimwambia Madame Claire amwache mama aseme. Mguu ukivunjika ni wangu. Najua, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika.

Nafasi niliipata baadaye, mwanangu, tena si mara moja. Nimeteleza katika miji ambayo mama alishindwa kuitamka, na mingi alifika, na kila mji aliofika ulisikia pole yake. Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Mama alifariki, na mwaka uleule magoti yakaanza kunikataa. Katika mashindano yangu ya mwisho nilianguka katikati ya uwanja. Kimya. Nikatazama mstari wa mbele, mahali pake, nikaona mtu ameweka koti. Muziki unakwenda, na mimi sioni sababu ya kuinuka.

Ndipo nikaisikia, kwa lafudhi ileile ya Uccle.

"Polé! Polé, ma belle!"

Sofie. Alikwisha kuacha kuteleza zamani, alikuja kutazama tu, ana mtoto mkononi. Alikuwa amesimama, na safari hii haigizi. Nililia palepale juu ya barafu, nikainuka, nikamaliza. Sikumbuki nilikuwa wa ngapi.

Basi jibu langu ni hili. Simkatazi mama yako kuja. Nitamwomba tu asubiri utue kwanza, ndipo aseme, maana Madame Claire naye hakukosea. Majaji watakupa alama, mimi nitakupa kasoro zako, na watu watakupa makofi ukishinda. Anayekuambia pole ukiwa chini ni mwingine, na wewe unaye, usimfukuze kwa sababu ya kicheko cha watoto wenzako. Na mwenzako akianguka, hata yule unayemwogopa, hata kama kuanguka kwake ndiko kunakokupa nafasi, mwambie pole, tena kwa sauti.

Nenda sasa, barafu imeshasafishwa. Mungu akulindie magoti yako, aufanye mwepesi mwili wako hewani, akuzeeshe ukiwa bado unaupenda mchezo huu kama leo. Na siku utakapoanguka, mwanangu, maana utaanguka, asikosekane ukumbini wa kukuambia pole.