Namba ya Mama Kanyere

Ilipofika saa tano za asubuhi, simu ya Mama Kanyere ilikuwa imekwisha kulia mara kumi na moja, na hakuna hata mmoja wa waliopiga aliyetaka kuzungumza. Wote walikuwa wanabip: simu inalia mara moja, inakatwa, kisha aliyepiga anakaa kungoja apigiwe kwa inite za mwingine, yaani salio lake.

"Kumi na moja," alimwambia Papa Sebarenzi, mkulima wa maharagwe ambaye hupumzika dukani kwake anaposhuka kutoka shamba. "Na mimi sijauzisha hata kiberiti."

"Bantu bale balikufa habanabip," Sebarenzi alijibu. "Shukuru Mungu, Mama."

Mama Kanyere hakucheka. Aliichukua simu, akapiga namba ya kwanza.

Duka lake liko Kalembe, pale wilaya ya Masisi inapokwisha na ya Walikale inapoanza. Alifika hapo akiwa bibi arusi kutoka Butembo, akazaa, akafiwa na mume, akabaki na duka la chumvi, sabuni, mafuta na betri. Alikuwa mtu wa kwanza kijijini kuwa na simu. Vijana walipoondoka kwenda kuchimba madini ya koltani Rubaya, waliondoka na namba yake vichwani. Mwaka ule watu walipokimbia vita, akina mama waliiandika kwa kalamu ndani ya kola za watoto, na watoto wawili waliopotea njiani walipatikana karibu na Sake kwa sababu ya wino ule. Tangu hapo kila mtu aliishika namba ile kwa moyo. Waliitaja kwa Kifaransa, tarakimu mbili mbili, na wako wazee ambao hawajui Kifaransa kingine zaidi ya hicho.

Kila bip ilikuwa na kazi yake. Mama Kanyere alipiga, akasikia sauti ikisema, "Mama, uniitie mama yangu." Alifunga mlango, akapanda kilima, akamwita huyo mama, wakashuka pamoja. Mama yule alizungumza mpaka inite zikaisha, akashukuru kwa moyo wote, akarudi shambani. Siku nyingine alileta sahani ya maharagwe. Siku nyingine hakuwa na kitu. Hakuna aliyekuwa mbaya kati yao, na labda hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwani hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mwezi wa tano mdogo wake Kasika alimletea bidhaa kutoka Butembo. Alisimama katikati ya duka, akaangalia rafu ya juu iliyokuwa tupu, rafu ya kati iliyokuwa na vipande vya sabuni vilivyokatwa vidogo kama sukari ya mawe, kisha akaiangalia simu.

"Dada, ile simu njo inakula duka yako."

"Ninajua."

"Mwaka huu haitaisha kabla duka haijafungwa. Halafu utakuja kukaa kwangu Butembo."

Kasika alisema hivyo kwa upendo. Lakini Mama Kanyere alijiona na umri wake wa miaka hamsini na minne, ameketi katika ua wa mke wa mdogo wake, akichambua mchele wa watu wengine, akingoja aambiwe chakula kiko tayari. Usiku ule alikula kidogo.

Wiki mbili baadaye Astrid alifika kwa pikipiki akiwa na mwavuli wa kijani na sanduku la kadi za simu. Alikuwa binti mwenye maneno mengi, aliyetumwa kuuza mtandao mpya wa bei ya chini.

"Mama, kwa rezo yetu dakika iko karibu bure. Unalipa forfe mara moja, siku muzima unaongea, haijaisha."

"Hata nikipiga Rubaya?"

Astrid alishusha sauti. "Rubaya hatujafika. Ukipigia rezo ingine, bei iko ile ile. Lakini Butembo tuko, na Goma tuko."

"Ninyi batu ba biashara munaweza kuuzisha hata upepo," alisema Sebarenzi.

"Na wewe, Papa, hata upepo ungekopa," Astrid alimjibu, na Mama Kanyere alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kasika alikuwa tayari kwenye mtandao huo. Kuagiza bidhaa kwake kungekuwa karibu bure. Ila simu ya Mama Kanyere, ya vibonyezo, ilikuwa na nafasi ya kadi moja tu. Na hata kama ingekuwa na nafasi mbili, alijijua: namba ya zamani ikilia, angejibu. Ili aokoe duka, ilimpasa aiondoe.

Jumapili, baada ya misa, aliwasimamisha watu mbele ya kapela akawaambia. Tangu Jumatatu angekuwa na namba nyingine, na asingempigia tena mtu yeyote Rubaya.

"Ni kama unatuzika wazima," alisema Céline, mshonaji aliye jirani na duka.

"Céline, wewe uko na simu."

"Niko nayo, lakini haina inite!"

Watu walicheka, kisha wakatawanyika bila kuagana kama ilivyokuwa kawaida yao.

Alasiri Sebarenzi alikuja dukani. Safari hii hakuketi. Mwanawe Yves alikuwa ametimiza miezi minane Rubaya. Simu yake iliibwa, akawa anabip kwa simu za wenzake, leo namba hii, kesho ile. Bip ya mwisho ilikuwa imefika wiki tatu zilizopita.

"Mama, kama ile namba inakufa, Yves atabip wapi?"

Sebarenzi alikuwa na simu kuukuu isiyo na kadi, aliyoitumia kama tochi na redio. Mama Kanyere akasema, "Lete ile tochi yako." Akatoa kadi yake, akaitia ndani.

Astrid, aliyekuwa bado anauza mlangoni, alishtuka. "Mama, hiyo kadi iko kwa jina yako! Huyu Papa akifanya mambo mubaya, watakutafuta wewe."

"Mambo gani? Hata kupiga hajui."

Ilikuwa kweli. Sebarenzi alijua kitufe cha kijani tu, cha kuitikia. Alitoka ameifunga simu shingoni kwa kamba, ameinua kichwa kama mtu aliyepewa cheo.

Kesho yake alirudi akihema. "Mama, wamebip mara ine! Uwapigie haraka."

Mama Kanyere alikuwa anaandika orodha ya kumtumia Kasika. Aliweka kalamu chini. Kama angepiga mara moja, angepiga siku zote.

"Sipigi, Papa."

"Labda iko Yves!"

"Labda. Sipigi."

"Moyo yako imekuwa jiwe," Sebarenzi alisema. "Jiwe ile banachimba." Akaondoka bila kununua chumvi aliyokuja na hela yake mkononi.

Siku tatu zilizofuata duka lilikuwa kimya. Namba mpya ilimfaa kwa Kasika, na wakati mwingine wote simu ililala juu ya meza kama kitu kilichosahauliwa na mteja. Mama Kanyere alitegemea angepumzika. Badala yake alikaa akimwazia kijana yule: shimo lililobomoka, homa, mguu uliovunjika. Siku ya nne hakuweza tena. Alifunga mlango, akapanda kilima kwenda kwa Sebarenzi, ameficha mfukoni franka za kununulia inite.

Alimkuta analima. Kabla hajamsalimu, simu ya shingoni ililia mara moja ikakatwa. Wote wawili waliitazama. Ililia tena, ikakatwa.

"Leo tano," Sebarenzi alisema bila kumtazama usoni. "Sasa niko nahesabu tu."

Mama Kanyere aliingiza mkono mfukoni. Ndipo simu ikalia mara ya tatu, na safari hii haikukatwa. Ililia, ikaendelea kulia. Sebarenzi aliishika kama kifaranga, akabonyeza kijani.

"Allô? Mama Kanyere?" Sauti ilikuwa kubwa, hata ndege walio karibu wangeisikia. "Kwa nini unaacha kupiga? Uko mugonjwa?"

"Yves! Iko mimi, baba yako. Namba iko kwangu sasa. Mimi sijue kupiga, na sina inite."

"Haya, Papa. Basi tuongee."

Wakaongea. Yves alikuwa mzima. Alizungumzia mvua, bei ya mzigo, msichana mmoja wa Ngungu ambaye angependa baba amwone. Aliongea kwa raha, kama mtu asiyetazama saa. Mama Kanyere alisimama kando ya mistari ya maharagwe, kwanza kwa furaha, kisha kwa kushangaa.

"Papa," alinong'ona, "muulize kama inite haziishi."

Sebarenzi akauliza. Yves akacheka.

"Haziishi, Papa. Nimenunua simu ingine, na niko na forfe ya wiki. Huku kila muntu iko nayo."

"Na mbona ulikuwa unabip?"

"Si Mama Kanyere alikuwa anapiga? Basi kwa nini tumalize yetu?"

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba maji hushuka bondeni. Sebarenzi aliinamisha kichwa, akawa anakwangua udongo kwenye jembe kwa kidole gumba. Mama Kanyere alijaribu kuirudisha miaka ile nyuma akilini, vilima vyote na milango yote aliyofunga, akaona haina faida, akaacha.

"Mwambie namusalimia," alisema. Akashuka.

Mwezi haukuisha kabla habari haijafika Rubaya kwamba namba ya Kalembe iko kwa mzee asiyepigia mtu. Bip zilipungua, simu zenyewe zikaongezeka. Sebarenzi alikimbia wiki mbili kuwaita watu, goti likamvimba, akatangaza kwamba anayetaka kuongea na mtoto wake aje angoje shambani, na akifika ashike jembe. Maharagwe yake hayajawahi kupaliliwa vizuri hivyo.

Dukani, mafuta yalirudi kwenye rafu ya kati. Rafu ya juu bado ni tupu. Kasika hasemi tena habari ya Butembo.

Siku moja, mchana, Céline alikuta mlango wa duka umefungwa. Aligonga, akagonga tena, akapiga kelele, "Mama Kanyere! Umepanda kumwita nani?"

"Sijapanda fasi yoyote," sauti ilijibu kutoka ndani, juu ya mkeka nyuma ya meza. "Niko nalala."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Basi nini?"

"Nimechoka, Céline. Rudi saa tisa."

Céline alisimama kidogo pale mlangoni na hela yake ya sabuni. Kisha akarudi kwenye cherehani yake kungoja saa tisa.