Masufuria ya Pilau Yalipoimba Krismasi

Mimi habari za vifo vya mji huu nazipata kabla ya redio. Mtu akikata roho, hata jamaa zake wa Pemba hawajapigiwa simu, mtu wa nyumba hiyo anampigia mwenye maturubai, na mwenye maturubai katika Unguja hii, anayejua anajua, ni mie. Wiki iliyopita asubuhi simu ililia nikiwa stoo kwangu Mtoni. Nikaona anayepiga ni binti wa mzee mmoja wa Malindi, mpiga ngoma, nikajua. Hakulia. Alisema, "Baba ametutoka alfajiri. Tunaomba turubai, viti, na masufuria ya hitma." Nikampa pole, nikamwambia kila kitu kitakuja na asiulize bei. Akaongeza, "Yale mawili ya shaba yawemo. Kaagiza mwenyewe." Nikakaa juu ya rundo la viti vyangu, mtu mzima mimi, nikacheka huku machozi yananitoka, na wafanyakazi wangu wakadhani bosi kapatwa na wazimu. Leo nataka kukuelezeni, wasomaji wangu, kicheko kile kilitoka wapi.

Wanaonisoma siku zote wanajua kwamba mimi sikusoma. Shule niliiacha mapema nikaenda kubeba magunia bandarini, na leo mtu hawezi kuoa, kuzika wala kusoma maulidi kwa raha mjini hapa bila ya kukalia kiti changu. Nilijijenga mwenyewe, na ninapenda kulisema hilo kwa sababu wengine wana baba wa kuwasemea. Marehemu naye alikuwa hivyo hivyo, mtu wa kujisifu waziwazi, na labda ndiyo maana tukipatana. Hatukuwa marafiki wa kuingiliana majumbani. Tulikuwa watu wa kukutana harusini: mimi naleta viti, yeye na wenzake wa beni wanaleta matarumbeta na ngoma. Tukionana ananiambia, "Bila mimi, tajiri, viti vyako vingekaliwa na watu wenye usingizi." Namjibu, "Na bila mimi, ami, ungewapigia watu waliochuchumaa."

Sasa, mwaka mmoja walikusanyika pale Mji Mkongwe wanakwaya wa makanisa na vijana wapiga fidla, wengi wao wa taarabu, ili waimbe kanisani kazi ya kale ya Ulaya wakati wa Krismasi. Wenyewe huiita oratorio. Ni kisa cha kuzaliwa Nabii Issa kinachoimbwa mwanzo mpaka mwisho, hakuna anayeigiza, hakuna anayecheza, na neno moja wanalizungusha mpaka unasahau lilianzaje. Mwongozaji alikuwa mama mmoja mwalimu wa kwaya, mtu wa Bara aliyekaa Unguja miaka mingi, na maneno alikuwa ameshayatia Kiswahili. Mimi niliombwa viti vya ziada. Nikajitolea na spika zangu kubwa, zile zinazosikika mpaka Bububu, mama yule akanishukuru na kunikatalia. "Hakuna spika," alisema. "Mtu atasikia kwa masikio yake." Nilirudi stoo nimenuna. Kesho yake akaja mpiga ngoma.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, tajiri. Nimekuja kuposa."

"Kuposa nani tena, na umri huo?"

"Wale mabinti zako wawili wa shaba."

Nikafahamu anasema masufuria yangu. Nina masufuria mawili makubwa ya shaba, niliyonunua kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa inahama, moja kubwa na mwenzake mdogo kidogo, matumbo yao mviringo kama maboga. Siku hizi kila mtu ana sufuria la alumini, jepesi, linaloungua chini. Shaba ni mzigo, inataka kutiwa bati ndani kila baada ya muda, na mafundi wa kutia bati wamebaki wa kuhesabika. Lakini pilau iliyopikwa ndani yake haina mfano, na harusi kubwa za mji huu, wenyewe wanajua, huulizia yale kwanza. Mzee akanieleza kwamba wimbo wa mwisho wa ile oratorio unataka ngoma mbili za umbo la bakuli, tumbo la shaba na mdomo wa ngozi, na kisiwani hazipo. "Mwalimu kanionyesha picha kwenye simu yake," alisema. "Nikamwambia, mwalimu, hizi nazijua, zimepika pilau ya harusi ya binti yangu."

"Masufuria yangu hayatobolewi, ami."

"Nani kasema kutoboa? Nafunga kamba tu. Yatarudi kwako bikira kama yalivyotoka."

Nikampa. Nikampa na ngozi ya ng'ombe juu yake, na sharti langu lilikuwa moja tu, nikae mstari wa mbele.

Barazani kwao hawakumwacha. Kuna mmoja alimuuliza mbele yangu, "Yakhe, ukishamaliza kupiga kanisani utarudi kusali na sisi?" Mzee akajibu bila ya kuinua macho kwenye bao, "Mie nakwenda kupiga ngoma, sendi kubatizwa. Wewe ulipowauzia Wazungu pweza ulihamia Ulaya?" Watu wakacheka. Lakini tulipobaki peke yetu aliniambia jambo jingine, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Alisema amepiga ngoma tangu kijana, na maisha yake yote amewapigia watu wanaotafuna. Watu wanakula, wanaitana, wanatafuta viatu vyao, na ngoma inalia. Wapiga ngoma huletewa sahani mwisho kabisa, ukoko. "Nataka mara moja tu," alisema, "nipigie watu walionyamaza. Mara moja, kisha hata nikifa poa."

Haikuwa rahisi. Mazoezini nilikwenda kutazama mali yangu, nikayakuta masufuria yamewekwa juu ya mafiga matatu kila moja, kama jikoni, yamewambwa ngozi na kukazwa kwa kamba za nailoni na vijiti vya kupotoa. Wanakwaya wanamtania, "Mzee, inaiva saa ngapi?" Mwalimu alikuwa akimwimbia sauti mbili, ya juu na ya chini, na mzee anapotoa vijiti mpaka kila ngoma inapata yake. Ikipatikana, ilikuwa raha. Tatizo ni hewa ya Unguja. Ile Desemba mvua za vuli zilikuwa bado hazijatuaga, ngozi inakunywa unyevu na kulegea, na ngoma iliyoanza juu baada ya muda inakoroma kama mgonjwa. Beni wana dawa yake, wanaipasha ngozi moto kisha wanapiga papo hapo. Huku hakuna papo hapo. Mzee alitakiwa akae kimya oratorio nzima, waimbe wote, fidla ziseme yote, ndipo mwisho kabisa apige. Mwalimu akamwambia mbele ya watu wote, kwa adabu lakini bila ya kuficha:

"Mzee wangu, zikilegea kwaya nzima itapotea. Pana kinanda cha umeme, kina kitufe cha sauti ya ngoma. Tutumie hicho."

"Kitufe? Mimi, mwalimu, najua kifungo cha shati."

"Basi tufanye hivi. Tukifika wimbo wa mwisho nitakutazama wewe kwanza. Ngoma zikiwa sawa nakunyooshea mkono. Zikiwa zimelegea namnyooshea wa kinanda, na wewe hupigi hata moja."

"Na nikipiga?"

"Utaniharibia kazi ya mwaka mzima, mzee wangu, na najua hutaki."

Mzee akatazama masufuria. "Sitaki," alisema.

Siku yenyewe ikanyesha. Mvua ilianza adhuhuri, na jioni watu walipokuwa wanaingia kanisani na miavuli yao, mzee alizigusa ngozi kwa kidole akanigeukia. Zilikuwa zimeanza kulegea. "Tajiri," alisema, "nenda nyumbani kwangu. Mwambie mke wangu akupe vyetezo vyote vya udi alivyonavyo, na makaa." Mimi nina magari, kila mtu anayaona barabarani na jina langu ubavuni, lakini vichochoro vya Malindi havijui gari la mtu. Nikakimbia kwa miguu na suti yangu. Mkewe, Bi mkubwa mmoja mwenye ulimi mkali, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Sasa anafukiza kanisa?" Nikamwambia hapana, Bi, ni ngoma. "Hayo makaa yamo kwenye seredani, chukua. Na mwambie asiwaunguzie watu zulia lao, tutalilipa na nini?" Nikarudi na vyetezo vya makaa kikapuni, mwavuli juu ya makaa, mimi nimerowa chapachapa. Mzee akaviingiza vyetezo chini ya masufuria, katikati ya mafiga, akavifunika mbele kwa kitenge cha kwaya. Nikamnong'oneza, "Ami, bati langu litayeyuka." Akanambia, "Kaa chini, unavuja maji."

Nikakaa mstari wa mbele kama tulivyoahidiana. Wakaanza. Mimi ni mtu wa spika, nimeshasema, na nilikuja na kinyongo, lakini ile kwaya ilipofungua midomo nilisikia kitu ambacho spika zangu hazijawahi kukitoa, maana sauti ilikuwa inatoka kwa watu na kupanda ukutani na kuturudia kutoka juu, na mvua paani ikawa kama mpiga chombo mmoja wao. Ganuni ya taarabu, na nyuzi zake nyingi, ilikuwa inatiririka chini ya fidla. Binti mmoja muuza duka la dawa, ninamjua, aliimba peke yake mpaka mwanamume aliyekuwa pembeni yangu akavua miwani. Lakini macho yangu hayakutoka kwa mzee. Ukimtazama haraka ungesema amekaa bure. Kumbe alikuwa anafanya kazi kuliko wote. Mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya kile kitenge, anakisogeza chetezo ndani, anakivuta nje. Kila mara anainama, sikio karibu na ngozi, anaigusa kwa ncha ya kidole bila ya kutoa sauti ya kufika hata kwangu. Ikizidi joto anavuta, ikilegea anasukuma. Wenzake wanaimba furaha za mbinguni, yeye anapika.

Kufikia wimbo wa mwisho pakawa na kile kimya cha watu kufunua karatasi. Mwalimu akageuka akamtazama. Kijana wa kinanda alikuwa ameshaweka kidole tayari. Mzee akagonga ya juu, taratibu, kisha ya chini. Mwalimu akainamisha kichwa, akasikiliza, na mimi, ambaye sijapata kuogopa hata mbele ya watu wa kodi, nikashika kiti kwa mikono miwili. Akainua mkono. Akaunyoosha upande wa mzee.

Jamani! Nimesikia ngoma nyingi. Ile ilikuwa radi yenye adabu. Kwaya ikasimama, matarumbeta ya wenzake wa beni yakalia, na masufuria yangu, haya haya mnayolia pilau, yakaimba sauti mbili safi mpaka nikazisikia kifuani. Kanisa zima lilinyamaza kimya, hakuna aliyekohoa. Na hapo ndipo lilipotokea lile ambalo hakuna aliyelipanga. Mdomo wa sufuria, pale bati lisipofika, ulikuwa umenyonya samli na bizari za harusi miaka na miaka, na moto wa jioni nzima ukauzindua. Kwa kila pigo ikatoka harufu ya hiliki, mdalasini na karafuu ikachanganyika na udi wa mkewe, ikatembea mstari kwa mstari. Nyuma yangu bibi mmoja akamwuliza mwenzake, "Kumbe kuna chakula?" Mwenzake akamjibu, "Si Krismasi hii?" Wakaanza kutabasamu, kwaya nayo inaimba inatabasamu, na walipomaliza watu walisimama wote, Waislamu na Wakristo, wakapiga makofi mpaka mvua haikusikika. Mwalimu alimwita mzee mbele akakataa kuja, akabaki palepale ameshika fimbo zake mbili. Nilipomfikia nilimkuta anacheka na macho yamejaa. "Tajiri," aliniambia, "hata nikienda kanisani nawapigia watu wenye njaa."

"Lakini walinyamaza, ami."

"Walinyamaza," alisema. "Umewasikia walivyonyamaza?"

Ndiyo maana nilicheka stoo wiki iliyopita: hata hitma yake kaitaka ipikwe ndani ya ngoma zake. Tangu siku ile ya kanisani nimelifikiria sana suala la kungoja. Sisi watu wa sasa tunaharakisha kusikika. Vijana wanakuja kwangu kuomba kazi, siku ya kwanza wanataka kushika usukani wa gari, na wakiambiwa wapange viti wanaona wametupwa. Wengine wanaambiwa wangoje na wanalala kabisa, mpaka zamu yao ikifika wamepoa, hawana la kutoa. Na pembeni daima kuna kinanda chenye kitufe, rahisi, hakichoki, hakirowi, na dunia inakipenda. Mimi mwenyewe niliyebeba magunia bandarini Malindi miaka ile watu walinihesabu kuwa mtu wa magunia. Sikuwa hivyo, nilikuwa nautunza moto wangu chini ya kitenge, na nyote mnaona nilipofika. Ila lazima niseme kweli: nilidhani mimi ndiye hodari wa mchezo huo, mpaka nilipomwona mzee yule na mguu wake.

Basi wewe uliyekaa mwisho wa mstari na unaona wenzako wote wanaimba, usilale na wala usiwapigie kelele. Weka sikio lako karibu na ngozi. Makaa yakizidi, yavute, yakipoa, yasukume. Na mkono ukinyooshwa upande wako, piga.