Kungoja Fundi wa Programu Yangu

Mpaka leo nikisikia pikipiki ikipanda mlima wa Kikima, mimi huacha ninachofanya nikatazama barabarani.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa kompyuta ya shule niliandika programu ya kupimia kahawa ya chama chetu cha ushirika. Niliitoa bure, pamoja na leseni yake: yeyote aichukue, aibadilishe, ampe jirani, mradi asifiche jinsi ilivyoandikwa. Mwisho kabisa niliongeza lile neno ambalo wote wanaotoa hivyo huongeza: haina dhamana, ikiharibika shauri yako.

Kwangu mimi hiyo ilikuwa mwethya, kazi yetu ya kusaidiana kijijini. Leo tunachimba matuta kwako, kesho utakuja kwangu, na hakuna anayemwekea mwenzake sahihi. Basi nikatulia. Nilijua chama kikihitaji mtu wa kompyuta kitaniita mimi.

Kikamwita mwenzangu wa dawati moja, yule aliyekuwa akinakili hesabu zangu tangu darasa la nne. Hakuuza programu, hiyo aliichukua bure kama leseni yangu ilivyomruhusu. Aliuza kuja. Mkataba wake ulisema ikikwama atafika siku hiyohiyo, na mtu mwingine asiiguse. Nilimwonea wivu mpaka viatu vyake.

Programu ikakwama katikati ya mavuno. Nilikuwa kwenye foleni ya chama na kahawa yangu, na kahawa iliyochumwa haingoji mtu. Ikilala guniani inachacha. Kupitia dirisha la ofisi ya mizani niliona kosa kwenye skrini, nikalitambua papo hapo.

"Mama, nifungulie," nilimwambia mwenyekiti wa chama. "Hiyo ni kazi ndogo sana."

"Hapana, mwalimu. Ukiguza, kontrakti inakufa."

"Lakini ni mimi niliiandika!"

"Tunajua, na tulishukuru. Lakini wewe ulisema ikiharibika ni shauri yetu. Huyu amesema ni shauri yake. Sasa kama ni wewe, ungeita nani?"

Foleni nzima ikacheka. Nikarudi kwa gunia langu, nikatia mkono ndani. Kahawa ilikuwa imeanza kupata joto.

Hatimaye pikipiki ikapanda. Mwenzangu alinisalimia vizuri, akaingia, akatengeneza, kisha akanipa disketi dirishani.

"Nilichobadilisha kiko humu, mwalimu. Leseni yako inasema nisifiche."

Nilitamani angeficha, nipate kumchukia vizuri.

Foleni ikasonga. Zamu yangu ilipofika, karani alipima gunia na mashine ikatoa risiti, safi, bila kosa. Niliisoma nikiwa nimesimama palepale. Jina langu lilikuwepo mahali pamoja tu, pale nilipopanga mwenyewe likae jina la mkulima.