Niliwaona Uwanjani Kibondo, Nikapita

Mwenye ukurasa, nashukuru kwa kulificha jina langu. Nina miaka sabini na nane, kwa hiyo kwenye maoni msiniite kaka. Ni rubani mstaafu, mjane tangu ujana, na sikuoa tena. Nina mtoto mmoja tu, binti, mwakani anatimiza hamsini. Ninaloandika hapa yeye halijui, wala halijui mtu mwingine yeyote.

Miaka ya sabini nilikuwa kapteni wa ndege ndogo ya abiria, Mwanza kwenda Kigoma kupitia Kasulu. Kibondo hatukutua mpaka kuwe na abiria au mgonjwa. Watu wa boma, yaani ofisi ya wilaya, walituita kwa redio tukiwa angani, nasi tukashuka. Usipoitwa, unapita juu. Mimi ni mtu wa Tanga, lakini Kibondo ndiko nilikooa. Mke wangu nimwite Skola, si jina lake. Alikuwa mwalimu pale, akaishi kwa mama yake tukisubiri nyumba ya shirika la ndege Kigoma. Kila nilipopita alitoka na wenzake kando ya uwanja wa ndege, wakapunga kanga, nami nikaiyumbisha ndege mara mbili, bawa huku bawa kule, kuwaambia nimewaona. Mji mzima ulijua salamu ile. Wazee wa sokoni walinitania kwamba namtongoza mke wangu mwenyewe kwa mali ya umma.

Skola alipokaribia kujifungua, redio ya ndege ilianza kusumbua. Inakoroma, inakatika, inarudi. Utaratibu ni kwamba rubani akitua anaandika hitilafu kitabuni, na ndege hairuki mpaka fundi atie sahihi kwamba imepona. Sikuandika. Kipuri kingetoka Dar, ningekwama Mwanza wiki nzima, na likizo yangu ilikuwa inaanza siku ile nikifika Kigoma, ili nirudi Kibondo kwa barabara nikae na mke wangu. Asubuhi fundi aliniuliza, "Kapteni, redio ikoje?" Nikamjibu, "Inasikika vizuri." Haraka ya kumfikia Skola ndiyo iliyonitia ujinga.

Hatujafika nusu ya safari, redio ikafa kabisa. Nilizungusha masafa yote, nikagonga kisanduku, kimya. Nikaendelea, maana hali ya hewa ilikuwa njema na njia naijua. Juu ya Kibondo nikashuka kidogo kama kawaida. Kando ya uwanja kulikuwa na watu wengi kuliko siku zote, na kanga nyingi zinapungwa. Jamani, nilifurahi. Nikadhani mtoto kazaliwa na wananipa habari. Kutua bila kuitwa nilikuwa nimeshaonywa kwa barua, tena kwa kosa hilohilo la kwenda kumsalimia mke. Basi nikaiyumbisha ndege mara mbili, nikaenda zangu Kasulu.

Skola alikuwa amelala kwenye mkeka katikati ya watu wale. Uchungu ulimshika mapema, damu ikawa inatoka haikomi, na boma walikuwa wameniita saa nzima bila jibu. Land Rova ya hospitali ilikuwa tayari imewashwa, impeleke Kasulu kwenye daktari wa upasuaji. Aliyeizuia ni mama mkwe. Alipoona mabawa yanayumba alisema kwa Kiha, "Yatubonye," yaani ametuona, akamwambia dereva, "Wewe nenda, mume wake anageuza ndege." Dereva akaenda kijiji cha Busunzu kuchukua mgonjwa mwingine. Barabara ya matope na ndege ya mumewe, nani angechagua barabara? Wakakaa wakitazama juu. Saa nane mchana mtoto alizaliwa palepale kwenye majani, mzima, na mama yake akafa.

Habari nilizikuta Kigoma. Uchunguzi ukasema redio iliharibika angani, rubani hana kosa. Nikatia sahihi.

Msibani mama mkwe alinijia. Kwa heshima ya ukwe hakunitazama usoni. Aliuliza, "Baba, siku ile hukutuona?"

Nikasema, "Hapana, mama. Ni upepo ulioitikisa ndege."

Akasema, "Basi ni mimi niliyemuua mwanangu."

Sikumkatalia. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nikamwacha mama wa watu abebe mzigo wangu, kwa sababu aliuokota mwenyewe.

Yeye ndiye aliyemlea binti yangu mpaka akaolewa. Ndugu zake walimsema miaka yote: huyu ndiye aliyerudisha gari. Wakikosana hata kwa mpaka wa shamba, wanamtupia hilo. Nami nilikuwa nakwenda kuwasalimia, nala ugali wake, nasikia, nanyamaza. Binti yangu amekulia ndani ya maneno hayo na ameyaamini.

Wiki iliyopita binti alinipigia. Bibi yake ana miaka themanini na saba na sasa hata uji haupiti. "Baba," akasema, "bibi ananiita Kibondo aniombe msamaha kwa kifo cha mama kabla hajafa. Mimi nampenda, lakini nikikumbuka lile gari moyo unakataa. Wewe ulimsamehe vipi?"

Nilimwambia simu inakatika, nikaikata.

Nikisema, nitampoteza mtoto pekee niliye naye, na sitapata muda wa kumrudisha. Najiambia pia kwamba bibi ameshadhoofika, labda ukweli utamuua kabla ya ugonjwa. Kisha najijibu kwamba hiyo ni hofu yangu imevaa nguo ya huruma. Nikinyamaza, anakufa akiamini alimuua mwanawe.

Tunaondoka Jumamosi, mimi na binti. Nitakaa chumba kimoja nao, nimsikilize kikongwe akimwomba mwanangu msamaha wa kosa langu mimi. Nyinyi mlio na wazazi, mlio na watoto, niambieni bila kunionea haya: nifanye nini?