Tulikwenda Unguja Kupatanisha Kijiji cha Baba

Baba alitoka Unguja akiwa kijana, akaja Tanga kufanya kazi bandarini, nasi watoto wake tukazaliwa huku. Mwaka ule, baada ya uchaguzi wa Unguja, kila aliyetoka kule alileta habari zile zile: kijiji cha baba, karibu na Mkokotoni, kimegawika kwa vyama. Watu hawasalimiani, hawanunui duka moja, hawazikani. Sisi vijana wa Tanga wenye asili ya Unguja tulikuwa na kikundi cha kufundisha watu wazima kusoma. Tukaona tusikae kimya. Wakachaguliwa wawili waende wakazungumze na pande zote: kaka yangu Makame, na mimi, Zuhura. Baba hakutuzuia. Alituambia tu tukasalimie, tusiende kuhukumu.

Meli ilitia nanga Unguja asubuhi. Tulifikia mtaa wa Malindi, mjini, kwa Bi Salma, ndugu yake mama. Kabla kahawa haijamiminwa, mwanawe alituuliza sisi wa upande gani. Makame akajibu kwamba sisi ni wageni.

"Mwaka huu Unguja haina mgeni," alisema yule kijana, akainuka akatoka.

Kituo cha Darajani tulipanda gari la Mkokotoni. Njiani bibi mmoja mwenye pakacha la muhogo alisimamisha gari. Utingo alimtazama usoni, akagonga bodi, dereva akaondoa gari. Makame alipouliza, utingo alimweleza kwa upole kabisa kwamba bibi yule si wa upande wao, na akimpandisha, abiria wote watashuka. Niligeuka kumtazama bibi. Alikuwa ameshajitwika pakacha lake, anatembea juani.

Kijijini tulipokewa na Bi Mize, dada yake baba, mjane aliyekuwa akiishi peke yake. Tulimkuta mgonjwa, kifua kinambana, lakini alifurahi akanishika mkono hata nikashindwa kukaa. Mbele ya nyumba yake ilipita njia nyembamba. Ng'ambo ya njia aliishi Bi Kazija, shoga yake tangu utotoni na muosha maiti wa kike pekee pale kijijini. Kwa miezi mingi hawakuwa wamesemezana. Mume wa Bi Kazija, Mzee Vuai, alikuwa mkubwa wa chama cha upande wa pili.

Siku zilizofuata Makame alizunguka baraza zote. Wazee walimsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha chai, kisha kila upande ukamwambia aanze kwa wenzao.

Wiki haikwisha, shangazi akafariki alfajiri. Wanawake wa upande wake wakajaa ndani, lakini hakuna aliyejua kuosha. Nilivuka njia. Bi Kazija alikuwa kasimama mlangoni, kilio alishakisikia. Mumewe alikaa barazani.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu."

"Shangazi hana wa kumuosha."

Mzee Vuai hakuninyanyulia macho. Alimwambia mkewe, "Ukivuka njia hii, usirudi kwangu. Nnakwambia mbele ya mtoto huyu."

Bi Kazija aliingia ndani. Nikadhani ndiyo basi. Akatoka na kanga safi na karafuu maiti kwenye kikopo, akampita mumewe, akavuka.

Alimuosha shangazi taratibu, huku akinielekeza pa kumwaga maji. Hakulia mpaka alipomfunika sanda usoni. Mchana Makame alichimba kaburi na wanaume wa upande wa shangazi peke yao, katika ardhi ya mawe matupu. Wa ng'ambo waliketi barazani wakiwatazama wakipita na jeneza. Hakuna aliyesimama.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, sanduku la nguo la Bi Kazija lilikuwa limewekwa njiani. Talaka ilishatoka.

Kesho yake tulimsindikiza Mkokotoni kwa kaka yake, ambaye alimpokea. Makame alilitua sanduku. Mimi nilimwomba Bi Kazija radhi, kwa kuwa ni mimi niliyekwenda kumwita.

"Hukuniita wewe," alisema. "Ila mkifika kwenu msiseme mmetupatanisha. Semeni Kazija kamuosha mwenzake, basi."

Tulirudi Tanga kwa meli ile ile. Jioni ya kwanza wenzetu walikusanyika kwetu, wakauliza kama kijiji kimepatana. Nikawaambia hakijapatana. Wakauliza lini tutakwenda tena, nani na nani waende. Makame akanitazama.

Niliwajibu nilivyojifunza: sisi tulifika na maneno ya amani, na meli ikitungoja. Aliyeitenda amani ile ni mwanamke asiyekuwa na meli ya kumngoja, naye ndiye aliyeadhibiwa. Anayetaka kwenda tena, nilisema, aende akijua kwamba atakaowaomba wavuke njia ataondoka na kuwaacha pale pale.

Hakuna aliyejitolea jioni ile. Baba, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumbani, alitoka akaniuliza dada yake amezikwa upande gani wa makaburi. Nikamwambia karibu na mama yao. Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani.