Nusu Aliyoniuzia Ndugu Yangu

Mjini kwetu bibi harusi haendi kanisani. Anapelekwa, na mji mzima lazima ujue kwamba anapelekwa. Honi zinapigwa, riboni zinapepea, msafara unazunguka rond-point, ule mzunguko wa barabara, mara nyingi kuliko inavyohitajika, na mbele ya wote inatangulia motokari moja ambayo watu wataitazama kuliko bibi harusi mwenyewe. Motokari hiyo kwa kawaida si ya familia. Imekodishwa. Kuna watu Lubumbashi wanaoishi kwa kazi hiyo tu, na kwa muda fulani mimi, mwalimu na mwandishi wa insha, nilikuwa mmoja wao.

Nilisomea falsafa. Ni shahada nzuri: inamwezesha mtu kueleza kwa ufasaha jinsi alivyobaki bila kitu.

Chuoni nilikaa chumba kimoja na kijana aliyetoka Kivu ya Kaskazini, Mkatoliki kama mimi, aliyekuwa akisomea uchumi. Aliacha masomo katikati, akisema kwamba maprofesa wanafundisha soko ndani ya vyumba ambamo hakuna anayeuza hata karanga. Akaanza na maharagwe, akaenda kwenye samaki wakavu, akafika kwenye malori. Mimi nilimaliza masomo, nikafika nilipo. Lakini urafiki haukuvunjika. Mama alinizaa mimi peke yangu, na katika ukoo wetu wa watu wa reli, ambamo nyumba moja inaweza kutoa timu ya mpira pamoja na mwamuzi, kukosa ndugu ni aina ya ulemavu. Huyu ndiye aliyeziba pengo. Binti yangu alipobatizwa, yeye ndiye aliyekuwa parrain wake, baba wa ubatizo. Aliniita yaya, neno ambalo kwetu ni ndugu mkubwa, ijapokuwa pwani ni mlezi wa watoto. Na nikitazama nyuma naona kwamba maana zote mbili zilinifaa.

Jioni moja alikuja kwangu Bel-Air, akaketi barazani, akasubiri mke wangu alete bia, kisha akaanza kunipa mtihani.

«Yaya, cobalt inatokaka wapi?»

«Hapa.»

«Inaendaka wapi?»

«Kwa Bachina.»

«Na inarudiaka lini?»

Alijijibu mwenyewe, kama mwalimu mwenye huruma.

«Inarudia ikivaa costume. Motokari ya courant, ya luxe, nyeupe kama maziwa. Mu Lubumbashi yote haiko hata moja ya kukodisha. Bibi harusi wa kwanza akipanda mule, bamama ya bale bengine habatalala.»

«Na courant, umeme wenyewe, itatoka wapi?» mke wangu aliuliza kutoka mlangoni. «Frigo yangu mwenyewe iko kabati siku hizi.»

«Mama, hiyo ni détail.»

«Détail njo inaozesha nyama.»

Tuliinunua nusu kwa nusu. Nusu yangu ilitoka katika kiwanja nilichokuwa nacho upande wa Luano, ambako nilikuwa nimeshapanga matofali na kuahidi, kila mwaka mpya, kwamba mwaka huu tunaanza msingi. Mke wangu alisema jambo moja tu: «Basi tutalala mu motokari.» Hakuna mtu aliyeandika chochote. Kwetu hakuna kubishana bei na parrain wa mtoto wako, wala kumuuliza kwa nini anataka hiki au anaacha kile. Akisema, unaitika. Kumdai maelezo ni kama kumdai padri risiti ya komunyo.

Motokari ilifika kutoka Dar juu ya lori la rafiki yangu. Padri alipokuja kuibariki alitaka kunyunyizia injini maji ya baraka. Tukafungua mbele, akakuta sanduku tupu. Alisita, akatutazama, akalibariki sanduku. Kuhusu umeme, mke wangu alikuwa amesema kweli. Mara nyingi tuliichaji kwa jenereta nyuma ya nyumba, jenereta ikinguruma na kutoa moshi mweusi juu ya nguo zilizoanikwa. Hivyo ndivyo fahari ya kesho ilivyokuwa ikinywa mazutu, dizeli ya jenereta, kwa mrija, na mimi nikiwa nimesimama kando kwa suti, nikiitazama kwa mapenzi.

Kiangazi hicho, majira ya harusi, ilifanya kazi kila Jumamosi. Tulitoza bei ya juu, na kadiri tulivyotoza ndivyo walivyotutafuta. Nilianza kuwa na nadharia. Niliwaeleza wanafunzi wangu, na wageni wa barazani, rafiki yangu akiwemo, kwamba kitu cha kifahari hakiuzwi licha ya bei yake bali kwa sababu ya bei yake; kwamba anayekinunua hanunui magurudumu bali umbali kati yake na jirani; kwa hiyo mtengenezaji mwenye akili hawezi kushusha bei, maana atakuwa anafupisha umbali aliouuza. Ilikuwa nadharia safi kabisa. Watengenezaji hawakuwa wameisikia.

Kiangazi kilipokaribia mwisho, Jumapili moja baada ya misa, rafiki yangu alinishika mkono mbele ya kanisa, akanipeleka pembeni.

«Yaya, mi niko muntu ya bacamion. Hii bintu ya bariboni na maua, ni ya muntu ya akili kama weye. Nimefikiri: nusu yangu, uchukue. Ikuwe yako yote. Mutoto wetu anaolewa mwaka huu. Utamubeba mu motokari ya baba yake, hapana ya kukodisha.»

Nilimkumbatia pale pale, mbele ya wanakwaya. Alitaja bei, ilikuwa ile ile tuliyonunulia, na sikuuliza swali, kwa sababu haliulizwi. Nusu hiyo niliilipa kwa akiba tuliyokuwa tumeiweka kwa harusi ya binti yetu. Nilimwambia mke wangu kwamba pesa zitarudi kabla ya harusi, kisha nikamwambia jambo ambalo ndilo lililokuwa moyoni: kwamba sijawahi kupewa kitu na ndugu, na kwamba sasa najua inavyokuwa. Akasema, «Alikupa, ao alikuuzisha?» Nikamwambia asiwe mtu wa mashaka.

Majuma machache baadaye, kiwanda kilishusha bei.

Nilijulishwa na bwana harusi mmoja, kijana wa Kampemba, aliyenionyesha simu yake kwa adabu kubwa. Motokari ile ile, mpya, rangi ile ile, ilikuwa inauzwa kwa bei ambayo iliifanya yangu ionekane imezeeka ikiwa imesimama. Nilidhani ni utapeli wa mtandao. Haukuwa. Kisha mshindani wa kiwanda hicho, yule aliyekuwa akijitangaza kuwa wa juu zaidi, naye akashusha. Wa tatu hakutaka kusema neno «kushusha», kwa kuwa ana heshima zake. Alianza kutoa bure vitu alivyokuwa akiviuza ghali, viti vya ngozi, rangi ya pekee, chaja ya nyumbani. Wa kwanza, alipoona wenzake hawakuogopa, akashusha tena. Hawa ni watu ambao jana walikuwa wanashindana nani ana ngozi laini zaidi; leo walikuwa kama wamama wa soko mvua ikikaribia, kila mmoja akipiga kelele bei ndogo kuliko jirani, nyanya zikiwa bado nyingi mezani.

Nilifuatilia kila tangazo, kama mtu anayefuatilia ugonjwa wake mwenyewe. Nilichojifunza ni hiki: wakianza kushusha hawawezi kuacha, kwa kuwa mnunuzi naye ameshajifunza kungoja. Na katika kila punguzo wamo watu wawili: yule anayefurahi leo, na yule aliyenunua jana. Matangazo yanamwonyesha wa kwanza tu, akicheka na mke wake kwenye kiti cha mbele. Wa pili alikuwa Bel-Air, anajaza mazutu kwenye jenereta.

Bei ikiwa imeshuka hivyo, motokari za namna ile zikaanza kuonekana mjini. Kwanza nyeusi, kisha mbili za fedha. Kuna mtu alikuwa anazikodisha kwa bei ndogo kuliko yangu, na hakuna aliyejua ni nani. Madereva walisema tu «patron», yaani bosi. Nikashusha bei. Naye akashusha. Nikashusha tena, nikaongeza maua bure. Siku moja akaja kwangu mama mmoja ambaye tulikuwa tumembebea binti yake mwanzoni, kwa bei ile ya kwanza. Hakukaa.

«Mutoto wangu mulimubeba kwa bei ya cobalt. Sasa mutoto wa jirani yangu munamubeba kwa bei ya unga wa bukari, na maua juu. Mutoto wangu alibafanya ninyi nini?»

«Mama, ni soko.»

«Soko iko wapi? Nionyeshe, nimuulize yeye mwenyewe.»

Nilimsindikiza hadi kwenye geti, naye alikataa kunipa mkono.

Ndipo nikaamua kwenda kumwona rafiki yangu kwenye depo yake. Sikwenda kulalamika. Nilikwenda kuomba akili: yeye ni mfanyabiashara, anawajua watu wote wa mpakani, angeweza kuniambia ni nani huyu anayeniua. Nilipita geti bila kupiga honi, kama nilivyozoea. Nyuma ya magunia ya unga wa mahindi kulikuwa na ile nyeusi. Kando yake zile mbili za fedha. Moja bado ilikuwa na riboni za Jumamosi.

Alitoka ofisini akiwa na kikombe cha chai. Aliona ninachokitazama. Sitasahau kwamba hakushtuka; alipuliza chai yake kwanza.

«Yaya. Nilikuwa nataka kukuambia.»

«Ni za nani?»

«Ni zangu. Bei ilikuwa muzuri, we mwenyewe uliona.»

«Ulijua itashuka?»

Akajibu, na lazima nimpe haki yake: hakunidanganya hata kidogo.

«Muntu yangu wa kule Guangzhou aliniambia. Parking ya kiwanda ilikuwa imejaa, motokari zinalala inje. Alisema, kama uko na moja, uzisha leo.»

«Na ukaniuzia mimi.»

«Sasa ningeuzisha nani? Muntu mwingine angeuliza kwa nini ninauzisha.»

Nadhani hata yeye alisikia alichosema, kwa maana aliweka kikombe chini juu ya gunia. Akaanza kueleza: kwamba lori lake moja lilikuwa limepinduka njia ya Kasumbalesa, kwamba benki ilikuwa inamsukuma, kwamba angenirudishia kwa njia nyingine, kwamba mimi nina mshahara wa serikali. Hili la mwisho, kwa mshahara unaofika ukipenda, lingenichekesha siku nyingine. «Si we njo ulisema,» aliniambia, «kintu ya luxe haishuke bei? Ulisema mbele ya bantu, yaya. Mi nilinyamaza tu.»

Kiwanda sikuwahi kukichukia namna ile. Kiwanda hakinijui. Hakikuwahi kulala kitanda cha pili katika chumba changu, wala hakikumshika binti yangu mikononi wakati padri anammwagia maji. Kilinipunja kama mvua inavyomlowesha mtu, bila kumtazama usoni. Huyu alinitazama, akapima watu wote wa mji, akachagua yule mmoja ambaye hatauliza.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu. Hakusema «nilikuambia», alikwenda kuzima jiko, akarudi akaketi. Nilisema mtu huyo hatakanyaga kwenye harusi. Alinijibu polepole, kana kwamba ananieleza njia ya kwenda mahali.

«Mutoto iko na parrain mumoja tu. Weye njo ulimupa. Sasa unataka kumunyanganya siku ya ndoa yake, na umuambie nini? Bei ya motokari?»

Kwa hiyo sikumwambia binti yangu chochote. Motokari nyeupe niliiuza kwa daktari mmoja wa Kipushi, kwa kile alichokubali kutoa, na pesa hizo ndizo zilizolipa ukumbi, bia na mbuzi. Binti yangu alipouliza kwa nini hatapanda ile ya baba, nilisema parrain wake anataka heshima ya kumbeba yeye mwenyewe. Ilikuwa kweli. Rafiki yangu alikuwa ameshampigia simu mke wangu, akaomba.

Alikuja asubuhi ya harusi na ile nyeusi, imeoshwa hadi unajiona ndani yake, naye kwenye usukani. Baba wa bibi harusi hukaa mbele. Hivyo nikakaa mbele, bega langu karibu na lake. Binti yetu na msimamizi wake walikuwa nyuma, wakipigana na gauni lililojaa hadi madirishani. Tukaondoka. Ningekuwa radhi kwa injini yoyote wakati ule, hata ile mbovu ya lori, kitu cha kunguruma kati yetu. Hakuna. Nilimsikia akimeza mate.

«Papa, mbona munanyamaza?» binti yangu aliuliza. «Mu harusi banaimbaka.»

«Baba yako analia ndani,» alisema parrain wake, na wote wawili kule nyuma wakacheka.

Tulipofika rond-point alianza kuzunguka, taratibu, honi zote nyuma yetu zikipiga, watu wakitoa simu kupiga picha. Kwa miaka mingi familia zetu mbili zimekula Mwaka Mpya pamoja, mara kwake, mara kwangu. Safari ya pili ya kuzunguka, bila kugeuza kichwa, chini ya kelele zile, aliniuliza:

«Yaya, mwaka huu Bonana ni kwako ao kwangu?»

Nilikuwa nawapungia watu mkono. Niliendelea kuwapungia.

«Kila muntu kwake,» nikamwambia.

Alizunguka rond-point mara ya tatu, kisha akaingia njia ya kanisa.