Uso wa Mwigizaji kwenye Fulana za Msiba

Namshukuru Mungu, mwenye pumzi yangu, ambaye katika uzee huu bado ananiachia kumbukumbu na mkono wa kuandika. Sifa zote ni zake, kwa yaliyo mepesi kusimulia na kwa haya pia.

Dada yangu mkubwa, ambaye kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi nilimwita yaya, alikuwa fundi wa kushona nguo. Katika chumba chetu cha Joubert Park, mtaa wa huku kusini tulikohamia, juu ya cherehani yake, alitundika picha ya mwanamke mweusi mwenye shingo ndefu, nywele zimelazwa upande mmoja, anatazama pembeni kama aliyeitwa na mtu asiyeonekana. Alikuwa mwigizaji wa sinema wa Amerika, wa zamani sana. Tulimwona utotoni katika ukumbi wa parokia, padre alipotundika shuka ukutani na kutuonyesha filamu baada ya misa. Yaya aliikata picha hiyo kwenye gazeti la Kifaransa, na tulipolazimika kuondoka kwetu aliibeba ndani ya Biblia.

Maisha ya mwanamke yule aliyajua kama mimi, mwalimu wa katekisimu, ninavyojua mateso ya watakatifu. Alikuwa mtoto wa mama mfua nguo, akaimba kanisani kabla hajajua kusoma. Alipokua aliimba katika hoteli kubwa. Alipigiwa makofi ukumbini, kisha akatolewa kwa mlango wa jikoni kwa sababu ya rangi yake. Akapata filamu moja kubwa, ile tuliyoiona, akiigiza mwalimu wa shule. Watu wakasema sasa njia imefunguka. Lakini baada ya hapo waliomwita walitaka abebe sinia nyuma ya mabibi wa kizungu. Alikataa. Akakataa tena, mpaka simu ikaacha kulia. Alifia katika nyumba ya kupanga, na majirani hawakujua kwamba aliwahi kuwa mtu wa sinema. Huenda mengine yaya aliyaongeza mwenyewe.

“Hakuna aliyemkalia matanga,” alikuwa akisema, akikata uzi kwa meno.

Mwaka jana, wakati wa baridi, Bwana alimwita yaya. Ugonjwa ulikuwa umemkausha, na binti yake akaamua jeneza lisifunguliwe. Picha isimame mahali pake. Sisi watu wa huku, katika msiba, huvaa fulana zenye uso wa marehemu. Tatizo ni kwamba tangu tuingie nchi hii yaya hakukubali kupigwa picha. Katika picha za harusi zote za wenzetu yeye ni bega, au kiganja kilichoziba uso. Mjukuu wake, msichana aliyezaliwa hapa, anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, akapeleka dukani ile picha ya juu ya cherehani. Tangu utoto aliamini huyo ni koko wake, yaani bibi yake, enzi za ujana. Kila alipouliza, “Koko, ni wewe huyu?” yaya alicheka na kuendelea kukanyaga cherehani.

Fulana zilifika asubuhi ya maziko. Nilipoingia ukumbini nilimkuta mwigizaji kwenye kifua cha kila mtu, na kwenye bango kubwa mbele ya jeneza.

“Kumbe mama huyu alikuwa mrembo hivi,” alisema mzee mmoja wa kikundi chetu cha rozari.

“Mimi nimekaa naye miaka yote,” alijibu mwenzake, “na pua hii sikuiona.”

“Uzee unakula pua, mama.”

“Wa kwako umekula na mashavu.”

Nilitaka kucheka, lakini nikatazama mbele. Watu walikuwa wanainama mbele ya bango na kusema kwaheri. Tungemzika dada yangu bila hata mtu mmoja kumtazama.

Nikamvuta kando binti yake, ambaye huniita tantine kwa kuwa mimi ni mama yake mdogo. “Mwanangu, ule si uso wa mama yako.”

“Najua, tantine. Nimeona sasa hivi. Mtoto amehangaika peke yake na fulana hizi. Nimwaibishe leo?”

“Usiseme kitu. Tufungue jeneza.”

“Amekonda sana. Mama hangependa waone.”

“Hangependa. Lakini waliokuja wamekuja kumuaga yeye.”

Alilia kidogo, kisha akawapa ishara wanaume.

Msichana alitangulia. Alitazama ndani ya jeneza, akatazama fulana yake, akatazama tena ndani. “Koko,” alisema, kwa sauti ya mtoto mdogo. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, ambacho nilikuwa sijakisikia kinywani mwake kwa muda mrefu: “Na huyu ni nani?”

Nikamweleza palepale, watu wakisubiri kwenye foleni, kama yaya alivyonisimulia. Nilipomaliza, yule mzee wa mashavu aliuliza, “Naye alizikwa na nani?” Akafanya ishara ya msalaba kwa yaya, kisha akafanya nyingine kwa yule wa kifuani pake. Wengine nyuma yake wakafanya vivyo hivyo.

Fulana za msiba hazitupwi. Ninamkuta mwigizaji kwenye kamba za nguo za ghorofa ya pili, na kwenye mgongo uliopinda wa muuza ndizi aliyeivaa nyuma mbele. Kila mwezi amepauka zaidi, na bado anatazama pembeni.

Hata ndani hunifuata. Nikifumba macho nimwombee yaya, anayekuja ni mwigizaji. Miezi ya kwanza nilimsukuma, nikaogopa kwamba dada yangu amenipotea kabisa. Siku hizi simfukuzi. Namwombea kwanza, sala nzima ya marehemu, pole pole, kama mtu wa nyumbani. Nikifika “Amina” yeye husogea, na nyuma yake yupo yaya, amekonda, mdomo umefumbwa kama alivyokuwa jenezani. Naanza sala upya.

Nawe uliyesoma, Mungu abariki nyumba yako, awape pumziko wafu wako wote, na usiku akulaze salama.